Bomba Chini ya Kitanda cha Mama

Barani, Malindi
12 Septemba 1987

Kaka yangu Zubeir,

Shikamoo, na assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta huko Maskati u mzima wa mwili na wa roho, joto limekupungukia na kazi haikuelemei. Sisi huku twamshukuru Mungu. Mwanangu Fatu amepona surua, sasa amerudi chuoni kusoma Kurani, na amerudi kwa majirani, ambako ndiko anakoshinda zaidi. Watu wa Barani wote wakusalimu, hata wale ambao ulipokuwa hapa mlikuwa hamwamkiani.

Barua yako ya pole niliipata. Niliisoma nikalia, nikaikunja, nikaifungua tena. Umeniuliza mambo mawili. Umetaka nikueleze jinsi mama alivyoondoka na alivyozikwa, kwa kuwa hukujaaliwa kuwepo. Na umetaka kujua habari za nyumba, maana bwana Fondo wa bima amekuandikia kwamba angoja neno lako. Nimekaa na maswali yako muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Usidhani ni uvivu, kaka, ni haya. Kila nikishika kalamu naona afadhali nikakune nazi.

Nianze na nyumba, ndiyo nyepesi. Siku chache baada ya arubaini ya mama nilikuwa jikoni nikasikia kishindo. Nilipokwenda chumbani kwake nilikuta sakafu imebonyea upande wa ukutani, kitanda kimeinama, mguu mmoja umezama shimoni, na ukuta unaopakana na chumba chetu mimi na Fatu umepasuka ufa wa kuingia mkono. Harufu iliyotoka humo siielezi, huenda unasoma ukila. Fundi alichimba, akasema ni bomba la choo cha ndani, lile ulilolipitisha chini ya chumba cha mama hadi kwenye shimo la nyuma ya nyumba, ili asihangaike kwenda uani usiku. Limeachana kwenye kiungo, na maji machafu yamekula mchanga wa chini mpaka sakafu ikabaki haina inachokalia. Vyumba viwili havikaliki. Twalala ukumbini, na fundi asema ukuta ule ukiachwa hadi mvua za vuli utaanguka na paa.

Nikampelekea habari bwana Fondo, naye akaja kutoka Kilifi. Wamkumbuka, yule mtu wa Kaloleni, mpole, na tai shingoni katika jua hili la Malindi kama aendaye kuozwa. Alipima, akainama, akachungulia shimoni bila hata kuziba pua, nikamstahi kwa hilo. Kisha akanikumbusha masharti aliyotusomea pale ukumbini mwaka ule ulipokuja likizo, watu wa mkopo wa nyumba waliposhikilia kwamba nyumba lazima iwekewe bima. Bomba likipasuka ghafla, kampuni hutengeneza bomba, sakafu na kuta. Likivuja polepole, na wenye nyumba wakajua wakanyamaza, haitoi hata msumari. Akaniuliza lilianza lini. Nikamwambia ni ghafla, baada ya arubaini.

Akaandika. Halafu, kwa upole wake huohuo, akasema alipokuwa akiuliza njia, majirani walimwambia harufu ya nyumba hii wameisikia tangu kabla ya Ramadhani. Nilimpa jibu. Jibu lenyewe nitakwambia, ila niache nivute pumzi kwanza. Alilikubali, akatia kalamu mfukoni, akasema atapendekeza tulipwe. Kilichobaki ni wewe, kwa kuwa bima i kwa jina lako, uthibitishe kwa maandishi kwamba mambo yalikuwa kama nilivyosema.

Hayakuwa hivyo, kaka.

Harufu ilianza mwezi wa Shaabani. Mwanzo nilimsingizia paka, nikamfukuza bure maskini. Kisha nikawasingizia mbuzi wa jirani. Siku moja nikainama kufagia uvunguni mwa kitanda cha mama, nikaona sakafu karibu na ukuta imelowa, doa jeusi kiasi cha sinia. Nikaligusa, nikanusa kidole, na hapo nikajua. Jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa bomba wala mama. Yalikuwa maneno ya bwana Fondo, kwamba wenye nyumba wakijua hawalipwi. Basi nikaamua nisijue.

Cheka ukitaka, lakini ndivyo nilivyopanga, mimi mtu mzima niliyesoma mpaka darasa la saba. Niliona nikimwita fundi, fundi atasema sokoni, maneno ya sokoni yatafika Kilifi, na bima uliyoilipia kwa jasho lako itakuwa imekwenda na upepo. Kwa akili yangu nilikuwa nakulindia nyumba. Nikatandika mkeka juu ya doa, nikaweka chetezo kando ya kitanda, nikachoma udi asubuhi, adhuhuri na jioni, mpaka wapita njia wakawa wauliza kama kwetu kuna harusi.

Wajua alichoniambia bwana Fondo siku ile akiwa amesimama pale chumbani? Alisema watu wengi hawalielewi sharti lile. Mtu akisikia harufu akenda kusema mara moja, kampuni humletea fundi, na mambo huisha kwa kubadilishiwa kiungo. Kinachoharibu ni kunyamaza. Aliyasema hayo bila kujua anamwambia nani. Nami nikawa naitikia kwa kichwa kama mtoto wa chuoni.

Sasa nije kwa mama. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umepooza, hilo walijua mwenyewe, lakini pua na akili vilikuwa vizima kuliko vyangu. Bi Mwanabibi na wenzake walikuwa wakija kila alasiri na kofia zao za kushona, wanakaa mkekani, wanamsengenyea dunia nzima, na mama akicheka kwa nusu ya mdomo. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake, si vile vidonge. Udi ulipoanza kushindwa, wale kina mama wakawa wavuta buibui puani kidogokidogo, kwa heshima, mtu asione. Mama akaona.

Jioni ile aliniuliza kama harufu ile ni yake. Aliniuliza akitazama dari. Mkeka ulikuwa pale chini, na doa lilikuwa chini ya mkeka, na mimi nilikuwa nimesimama juu yake. Nikamwambia ni maradhi tu, mama, yatapita. Sikumwambia ndiyo, kaka, lakini sikumwambia siyo.

Tangu siku hiyo akataka aoshwe asubuhi na jioni, na siku za baridi alitetemeka hata meno yakagongana. Akataka halwaridi kwenye mto, kwenye shuka, kwenye nywele. Kisha akaniambia wageni wakija niseme amelala. Bi Mwanabibi alikuja, nikamwambia mama amelala. Akaja kesho yake na kaimati kwenye kibakuli, nikamwambia amelala. Mama alikuwa macho, amejifunika hadi kidevuni, asikiliza sauti ya mwenziwe pale mlangoni mpaka ilipokwisha. Idi ilipofika wenzake wote walikuja na kanga mpya, wakarudi bila kumwona. Wengine wakaanza kusema mama wa Zubeir amejiona mkubwa kwa sababu mwanawe yuko Maskati. Nililisikia hilo na nikalinyamazia pia.

Wajua ahadi ya mama na Bi Mwanabibi ya tangu usichana, kwamba atakayetangulia kufa, mwenziwe ndiye atakayemkosha kabla ya kuvikwa sanda. Walikuwa wakiifanyia mzaha, kila mmoja akimwonya mwenziwe asije akamkwangua sana. Basi siku zake za mwisho mama aliniita, akaniusia kwamba Bi Mwanabibi asimkoshe. Nitafute mtu wa mbali, asiyemjua. Alisema hataki mwenziwe amkumbuke kwa harufu. Hata hapo, kaka, ningeweza kuuvuta ule mkeka nikamwonyesha. Nilimshika mkono nikamwahidi nitamtafuta huyo mtu.

Alifariki mwezi wa Mfungo Pili, asubuhi ya Alhamisi, ametulia, shahada i mdomoni. Hilo lishike likupoze. Jeneza lilifuatwa na watu wengi, na kaburi lake li ubavuni mwa baba. Muosha alitoka Mambrui. Bi Mwanabibi alikuja mapema na kafuri yake na pamba yake kwenye kitambaa cheupe, akaketi kizingitini akingoja kuitwa. Nilimpita. Nilipita na ndoo ya maji, nikapita tena na ndoo, na yeye akainua macho kila mara.

Tulimkosha uani, mapazia yamezungushwa. Yule muosha akaniambia amekosha wagonjwa wengi waliolala kitandani muda mrefu, lakini hajapata kuona maiti safi namna hii, hana kidonda wala harufu, na kwamba aliyemwuguza ana thawabu nyingi. Kisha akaingia chumbani kuchukua kanga. Akasimama katikati, akageuka akaniuliza humu chumbani kuna nini. Sikumjibu. Nami kufika hapo nilikuwa nimeshajizoeza sana kutojibu.

Sasa lile jibu nililompa bwana Fondo. Aliponiambia majirani wamesikia harufu tangu kabla ya Ramadhani, nilimwambia chumba kile kilikuwa na mgonjwa wa kulala, na yeye ni mtu mzima, ajua mambo ya wagonjwa. Nilisema hivyo. Nilisema kwa kinywa hiki, kando ya lile shimo lililokuwa wazi mbele yetu. Mama yu kaburini hana wa kumtetea, nami nimemtwika uchafu wa bomba ili nyumba ipate kulipwa. Na bwana Fondo aliamini upesi, hilo ndilo linalonichoma. Aliinamisha kichwa akanipa pole, akasema kuuguza mzazi ni kazi ngumu.

Tangu siku hiyo usingizi haunishiki. Nikisali naona aibu hata kumwombea. Jana nilivaa buibui nikaenda kwa Bi Mwanabibi. Siku ya arubaini aliniuliza alimkosea nini mwenziwe hata akakatazwa kumkosha, nikajitia nina shughuli na sufuria za pilau. Jana nilikaa chini mbele yake nikamweleza yote, tangu doa hadi jibu la bima. Hakunitukana. Lau angenitukana ningepata nafuu. Aliniuliza jambo moja tu, kama mama alikufa akijua kwamba haikuwa yeye. Nikamwambia hakujua. Akachoma sindano kwenye kofia aliyokuwa akiishona, akaiweka chini, akaniambia niende nyumbani.

Basi kaka, ombi langu ni hili, na ndilo lililonifanya nikae ukumbini na kalamu tangu alasiri. Usithibitishe maneno yangu. Najua nyumba ni yako na jasho ni lako, na watu wa mkopo hawatasikiliza habari za uvunguni mwa kitanda. Bima haitalipa, na ukuta ule huenda tusiuokoe. Ukiniambia nitoke katika nyumba yako nitatoka, na lolote utakalonitamkia nimelistahili. Ningeweza kwenda Kilifi mimi mwenyewe, na nitakwenda, lakini neno linalongojwa ni la mwenye bima. Ukiandika kwamba bomba lilipasuka baada ya arubaini, nyumba itasimama. Lakini ile harufu ya Shaabani, ya Ramadhani na ya Idi, kaka, itabaki kuwa ya nani?

Kwa hiyo utakapomwandikia bwana Fondo, kabla hujataja sakafu wala ukuta, mwandikie kwamba mama yetu alikuwa msafi. Mimi nilinyimwa ulimi wa kulisema neno hilo alipokuwa hai wa kulisikia.

Fatu akuamkia, na ameuliza kama Maskati kuna kaimati. Wasalimie wote ulio nao huko. Siku zote nikikuandikia nilikuwa naifunga barua kwa salamu za Bi Mwanabibi. Safari hii hakunipa.

Mdogo wako, niliyekosa,

Shekha