Modemu ya Mahari Yangu

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeosha vikombe viwili. Viwili! Siku ya kumi na tisa ya ndoa na bado nafurahi kuviona pamoja. Idrisa katoka alfajiri kwenda kuendesha basi lake, kanibusu akidhani nimelala. Sikulala.

Barua pepe imekuja. Alhamisi saa nne asubuhi, usaili wa kazi ya ukalimani, kwa video. Lazima kompyuta, simu hawataki. Kazi yangu ya kwanza London, nikiipata! Ila nyumbani hakuna intaneti, fundi ni mpaka mwezi ujao. Simu yangu ya Tanga haiwezi kuigawia kompyuta intaneti, na ya Idrisa huenda naye kazini. Basi modemu ya kuchomeka, ya kutia laini. Kesho nanunua.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimekasirika. Niandike hivyo hivyo.

Duka liko hapa hapa Neasden, la Bwana Harish, mzaliwa wa Kisumu. Kaniambia, "Bibi harusi, wewe chomeka tu, itakubali." Haikukubali. Kompyuta yangu inatumia mfumo wa Linux, na sanduku linataja mifumo mingine miwili tu. Sikusoma. Nimechomeka, kompyuta ikaona diski yenye programu ambayo yenyewe haikuweza kuifungua. Modemu haikuiona kabisa.

Idrisa karudi saa nane mchana. Kanawa mikono kwanza. "Mwenye mali, naomba ruhusa niishike kompyuta yako." Nampenda kwa hilo! Wenzangu walitaja dhahabu. Mimi nilitaka mahari yangu yawe kompyuta aliyoitengeneza yeye. Alinunua kuukuu, akaifungua, akaisafisha, akaipanga yote kwa Kiswahili. Ikiwaka inaandika: Karibu, Zuhura.

Kahangaika nayo mpaka magharibi. Halafu kasema, "Tufute kila kitu, tuweke mfumo wa kawaida, tumalize."

Nikamjibu, "Mahari yangu hayafutwi."

Kasema kazi ni muhimu kuliko salamu ya kwenye kioo. Nimelia. Ugomvi wetu wa kwanza. Na kinachoniuma zaidi, huenda asemalo ni kweli.

Jumatano, 8 Oktoba
Kaondoka bila kunibusu. Au safari hii nilikuwa nimelala kweli. Asubuhi nzima nimejiuliza.

Kisha nikapata akili. Kwa nini nanunua bila kujaribu? Nikaifunga kompyuta kwenye kanga, nikaipeleka dukani.

"Leo umeleta mgonjwa mwenyewe!" Bwana Harish kacheka mpaka kavua miwani. Nikamwambia kompyuta hii ni mahari yangu, na simlipi mtu mpaka modemu ikubali pale pale kaunta. Ya kwanza, diski tena. Ya pili, kimya. Na Alhamisi ni kesho. Ya tatu kaitoa chini kabisa ya kabati, ina vumbi, kasema hakuna anayeitaka. Nikachomeka. Kompyuta ikadhani imeunganishwa waya wa mtandao wa kawaida, haikuomba programu yoyote. Ukurasa ukafunguka!

Kapiga kaunta kwa kiganja. "Mama, hii mahari inachagua kuliko bibi harusi!" Kanibadilishia na ile ya jana bila neno.

Idrisa kaingia, kaiona inafanya kazi, kasimama na koti lake. "Ningeifuta, ningejuta." Nimemsamehe kabla hajamaliza. Na alinibusu alfajiri. Nimemuuliza.

Alhamisi, 9 Oktoba
Dakika arobaini. Intaneti haikukatika hata mara moja. Sauti haikutetemeka. Watajibu kesho.

Ijumaa, 10 Oktoba
Wamenichukua. Naanza wiki ijayo.

Sikutaka kumwambia kwa simu. Nimevaa koti, nimekwenda kusimama kituoni. Mabasi mawili nimeyaacha yapite. La tatu lake. Mlango umefunguka, nimegusisha kadi ya nauli kama abiria yeyote. Dereva haruhusiwi mazungumzo akiwa njiani, kwa hiyo nimeitikia kwa kichwa tu, ndiyo. Kafumba macho kidogo, kisha kafunga mlango.

Nimekaa kiti cha mbele. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha. Nimekwenda naye mpaka mwisho wa njia.