Jina Lote la Sinema ya Mama

Kadutu, Bukavu
Siku ya pili, juma la pili kisha Pasaka

Kwa mudogo wangu Nabintu, kule Luvungi,

Nakusalimia kwanza, kisha nitakugombeza. Mama yetu hakutufundisha kuingia mu nyumba ya mutu na makelele. Muko namna gani? Mugongo unakuacha ulale? Bwana yako alipona ile homa ya mvua? Mimi niko. Magoti yananiuma kila nikitoka soko, juu Kadutu hii inapanda kila upande unaoshika, sijui nani aliona milima hii akasema hapa tujenge. Watoto wa mwanangu Ruhamya wanakua. Muke wake anapika fufu laini kama uji, lakini ana heshima, basi nanyamaza.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara tatu na macho yangu haya mabovu, nikifikiri labda mara ya tatu itakuwa na adabu. Haikuwa nayo. Unaandika, "Yaya, ulitudanganya mbele ya watu." Mimi. Dada yako mukubwa niliyekubeba mugongoni mpaka ukaota meno.

Unasema siku ya kumaliza kilio cha mama uliita ukoo wote, wa Sange wakakuja na miguu, mukachinja mbuzi, mukaketi mbele ya kitambaa cheupe cha kamyo ya sinema, ile motokari yao, juu nilikuandikia kama mama atatokea pale akitembea na akicheka. Na ikatokea nini? Watu wa mbali wanachuma pamba, wanaitia mu vitunga. Pamba, mu Luvungi. Watu wametoka shamba la pamba na vidole vimechubuka, munawaketisha kuangalia pamba. Na baba mudogo Kasigwa akasimama akasema, "Basi Nankafu amekufa kabisa, hata sinema haimujui tena." Watu wakacheka. Wewe ukaingia nyumbani ukafunga mulango. Nabintu, hata mimi ningeufunga. Lakini usinitupie mimi ile haya.

Unakumbuka vizuri siku yule muzungu wa sinema alifika na mashini yake ya miguu mitatu. Mama aliweka kitunga juu ya magoti, akaweka mikono juu ya kitunga, akakataa kusuka. Yule wa kutafsiri akamubembeleza, "Maman, suka tu, jua linakimbia." Mama akamujibu, "Liache likimbie. Mimi ni Nankafu M'Cishugi. Kwetu mwanamuke anabeba jina la baba yake mpaka kaburi. Aandike jina langu, na baba yangu, na Luvungi, kisha nitagusa hizi nyasi." Na muzungu akaandika. Aliandika juu ya ubao, mama akamulazimisha amusomee, ndipo vidole vikaanza kazi. Ile sinema iko na jina lake mpaka leo, nimelisoma mimi mwenyewe mu sale, ukumbi ule wa misioni, mbele ya Noeli, herufi kubwa nyeupe: Namna Nankafu M'Cishugi wa Luvungi Anasuka Kitunga cha Arusi. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa, na pale alikuwa anavuta nyasi na meno. Nililia mpaka padiri akaniangalia. Njo maana nilikuandikia. Uongo uko wapi?

Barua yako ilifika siku ya ine. Siku ya tano asubuhi nikafunga kitambaa changu kizuri, nikaenda mu biro, ofisi yao ya sinema. Nikamukuta karani, kijana wa kravati shingoni, kalamu mbili mu mufuko kama mutu anaogopa moja itakufa.

"Maman, unatafuta nani?"

"Natafuta mama yangu."

"Hapa ni biro ya sinema."

"Najua. Yuko humu, na ninyi mumemupoteza."

Akacheka kidogo, kisha akaona sicheki. Nikamuambia mambo yote ya Luvungi. Akavuta sanduku refu lenye karatasi ngumu, anaziita fishi, kila sinema na fishi yake, akatoa moja akaniwekea mbele. Imeandikwa neno moja: Kitunga.

"Mwalimu wa kule aliomba kitunga, nikatuma kitunga," anasema.

"Nionyeshe barua ya mwalimu."

Akaitafuta, akaileta. Nabintu, mwalimu wenu aliandika jina lote, kuanzia Namna mpaka Arusi, hakuacha hata kipande. Huyu kijana ndiye alilikata. Na vitunga mu sanduku lake viko vine: kitunga cha pamba, kitunga cha kukamatia samaki, kitunga cha majani ya chai, na kile cha mama. Fishi ine, neno moja. Masanduku ya bati mane, neno moja. Alinyoosha mukono akachukua la mbele. Anafanya kazi vile mutu anachukua kuku mu giza.

Nikamuuliza, "Mwanangu, padiri alipokubatiza aliandika nini mu buku?"

"Jina langu."

"Tuseme wewe ni Petro. Aliandika Petro, akafunga buku?"

"Hapana. Aliandika na la baba, na la mama, na muji."

"Sababu gani? Si angeandika Petro tu, wino ungebaki. Kesho Petro mwingine anaiba mbuzi, wanakukamata wewe."

Hapo akaketi vizuri. Sitamunyima haki yake, naye aliniambia neno lenye akili, na sasa ananiita koko, kama bibi yake. Anasema, "Koko, sikiliza. Sinema hizi karibu zote zinaanza na Namna. Namna ya kunawa mikono, namna ya kupanda mihogo, namna ya kutunza mutoto. Nikiziandika zote vile ziko, zote zitaketi pahali pamoja, na mutu akija mbio kutafuta kitunga nitamusomea Namna mpaka jua la saa sita. Watu hawashiki majina marefu. Wanasema tu, lete ile ya kitunga."

Nikamuambia, "Watu waseme vile wanaweza, midomo ni yao. Wewe hawakukuweka hapa kuwa mudomo. Walikuweka kuwa buku. Weka kitunga juu, utafutie pale, sikatai. Lakini chini yake andika jina lote, mpaka mwisho, vile mwenye sinema aliliweka. Mama yangu hakusuka mbele ya mashini yenu mpaka muzungu alipomupa neno lake. Neno la muzungu wewe unalikata na kalamu gani?"

Akasema fishi ni ndogo. Nikasema ina mugongo. Akasema wakubwa hawakuamuru. Nikaketi juu ya kiti cha wageni, nikamuambia basi nitangojea wakubwa, na nilikuja na viazi vyangu mu kitambaa.

Hatukungojea. Aliinuka akafungua masanduku matatu yaliyobaki. Anavuta kile kitu kama utepe mweusi, anakiinua mbele ya dirisha, anatafuta. La kwanza, samaki. La pili, chai. La tatu akaniita. Nabintu, mama alikuwa pale. Mudogo kama mbegu ya muhogo -- hapana, muhogo hauna mbegu ya kusema, mudogo kama harage, na chini yake mama mwingine, na chini mwingine, wote wanainamia kitunga kimoja, wengi mpaka utepe unaingia mu sanduku. Nikavua miwani, nikapangusa, nikarudisha. Kijana alishika utepe vizuri usitetemeke. Kwa hiyo moja nilimusamehe nusu.

Kisha akanipa kalamu, moja ya zile mbili. Niliandika mwenyewe, na maandiko yangu ya katekesi, mbele ya fishi na mugongoni. Karatasi nyingine tukaigandisha na gundi juu ya bati. Akauliza, "Na hizi zingine zote, koko?" Nikasema, "Hizo nazo ziko na wenyewe. Wewe si kijana? Andika." Nilipotoka alikuwa ameanza na ile ya samaki, anapumua kama mutu wa kubeba mawe.

Kamyo itashuka mulima wa Ngomo siku ya sita, siku ya posho, itafika kwenu siku ya Mungu kisha misa. Usiombe kitunga. Simama kwa mulango wa kamyo, usome jina juu ya bati, lote, na sauti, kabla hawajafunga kitambaa. Kama jina haliko, wasishushe kitu. Kasigwa umuketishe mbele kabisa. Na wale waliocheka, uwaambie yaya yako si muongo. Uwaambie kwa kinywa chako, wakiwa wameketi, si kisha.

Musalimie bwana yako na mugonjwa wetu, maman mukubwa wa kule mutoni. Musalimie mwalimu, umupe asante, yeye hakukata kitu. Musalimie na shemeji wa Sange aliyetembea na miguu bure, aje tena.

Mimi nilimuona mama pale kwa dirisha, na mutu mwenye kravati akinishikia. Sasa na wewe uketi, umuone akitembea.

Ni mimi yaya yako,
Cibalonza M'Birindwa