Kaburi la Mama Nduku

Mbololo, Voi
12 Oktoba 1976

Kwa dada yangu mpendwa Tryphena,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko vumbi la Voi. Natumaini wewe, shemeji Crispus na watoto mko wazima huko Mahoo, na mahindi yamekubali. Sisi hatujambo, ila goti langu linasumbua, lile nililoliumiza siku nilipofukuza ndovu watatu kwa kofia peke yake. Watu husema ndovu alikuwa mmoja. Hawakuwepo.

Barua yako niliipata. Umeniomba ukija Krismasi nikupeleke kwenye kaburi la Mama Nduku uweke maua, kwa kuwa ndiye aliyekunyonyesha pamoja na Nzioka wake wakati mama yetu alipolazwa. Dada, kama nimechelewa kujibu, si kwa kukosa stempu.

Unajua hapa msemaji ni mimi. Hakuna mkutano wa ukoo unaoanza kabla sijakohoa. Basi Mama Nduku alipofariki, Nzioka alikuja kwetu kwa heshima, kofia mkononi, akaomba tumwonyeshe pa kuchimba kando ya baba yake, kwenye kile kipande ambacho marehemu baba yetu aliwapa walipotoka Ukambani, wakati mzee wake akifanya kazi ya reli. Jambo lenyewe halikuwa na ubishi. Wazee wote waliitikia kwa kichwa, wakaniachia mimi nitoe neno.

Nami nikataka kwanza watu wacheke kidogo, maana msiba ulikuwa mzito. Nikasema mtu wa kuja hata akikaa vipi, siku ya mwisho hukumbuka kwao. Je, huyu naye tumkatie tikiti?

Unakumbuka nilimwita Mama Nduku hivyo miaka yote, mtu wa kuja, naye alikuwa akinijibu, "Nyamaza we Josephat, wewe ulikuja uchi, mimi angalau nilikuja na sufuria!" Kwangu ulikuwa utani tu. Sikufikiri kwamba mtoto wake alikuwa akilisikia neno hilo shuleni, sokoni, kwenye foleni ya mbegu, na huko hakuna aliyekuwa akitania.

Watu walicheka sana. Nilikuwa nangoja kicheko kiishe ndipo niseme chimbeni. Kilipoisha, Nzioka hakuwepo. Alikuwa ameshawashukuru wazee, ameenda kutafuta lori la kumpeleka mama yake Ukambani.

Nikapanda lori hilo nikidhani njiani nitapata nafasi ya kusema. Sikuipata. Kule Ukambani, kwa watu wa baba yake, bibi mmoja mzee aliuliza mbona wanaletewa mtu wa Pwani. Nzioka akamjibu kwa Kikamba chake kilichochanganyika na Kidawida cha huku kwetu, vijana wakamcheka. Mama Nduku wakampa nafasi pale mwisho, karibu na ua wa katani. Kisha wakaniomba mimi, kama jirani, niseme machache juu ya marehemu. Dada, mimi niliyewahi kuhutubia uwanja mzima mpaka mvua ikasimama kunisikiliza, nilisimama pale, nikaketi tena.

Kwa hivyo kaburi la kukuonyesha sina, na aliyekukosesha ni mimi. Mumewe Mama Nduku amelala peke yake hapa, na pale kando yake ni majani tu.

Nzioka alifunga nyumba. Siku hizi anawauzia madereva wa malori chai huko Maungu. Sufuria ya mama yake alimwachia mke wangu Jerusha. Jerusha hajaipikia.

Mimi hanisikii tena, lakini wewe na yeye mlinyonya pamoja. Ukishuka Voi, twende wote Maungu ukamwambie arudi, nyumba ni yake na Mbololo ni kwao. Wewe utasema. Mimi nitabeba sufuria na kunyamaza.

Mpe shemeji mkono wangu. Watoto nao waambie mjomba wao amesema ndovu alikuwa mmoja.

Ni mimi ndugu yako,
Josephat Mwandawiro