Giaboksi Ilipokataa na Mama Akingojewa Lodwar

S.L.P. 88,
Lodwar.
19 Julai 1996

Mpendwa kaka Lochakapong,

Ejok, kaka. Habari za Mombasa na za bandarini? Kile kikohozi cha Desemba kilikuacha? Huku tu wazima, ila mvua imetunyima na mbuzi wamekonda. Ukiona mwandiko umepinda, nivumilie. Niko uani mwa hospitali, na kila nikikaa miguu inataka kusimama.

Lile gari la Kijapani ulilotutumia, lenye gia za kujibadilisha zenyewe, limeninyima usingizi mwezi huu. Asubuhi huvuta vizuri. Likishapata moto, injini inanguruma lakini magurudumu hayataki. Nikilipumzisha linakubali tena, kisha yale yale.

Wiki hii madaktari wa macho walikuja Lodwar, na leo Ijumaa wanaondoka. Unajua mama alikuwa haoni tena ila mwanga. Jumatatu nikamtoa Kakuma kwenye msafara wa magari yanayosindikizwa na polisi. Hatukufika mbali, gari likaacha kuvuta. Msafara ukatungoja kidogo, ukaenda zake, maana njia ile ina majambazi, si ya kulala. Mama akaniuliza, "Tumefika?"

Lilipopoa tukarudi Kakuma polepole, nikitazama kila kichaka. Mafundi wa mjini wakasema giaboksi imekufa, nitafute nyingine, ya gia za mkono. Ndipo nikaenda kambi ya wakimbizi kwa Thiong, Msudani aliyekuwa akitengeneza malori kwao. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akanusa, akasema yanatosha na hayajaungua sana. Akabadilisha yote, tukalijaribu barabara ya Lokichoggio. Likagoma pale pale lilipopata moto.

Kaka, nilitaka kulitupa huko huko. Nikamwambia Thiong aache, lakini alikuwa ameshaingia chini ya gari, akipapasa kwa mkono. Akasema, "Mafuta yapo, lakini hayafiki."

Jiwe lilikuwa limebonyeza sampu, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi, kwa ndani, ikaegemea filta na kuziba mahali pampu inapovutia mafuta. Sijui nililigonga lini. Barabara zetu unazijua. Akaifungua, akainyoosha kwa nyundo juu ya gogo, akaosha filta kwa petroli. Mkewe, Aluel, akayachuja yale mafuta mapya kwa kitambaa safi, kwa kuwa hatukuwa na mengine.

Likavuta hata lilipopata moto. Lakini Thiong hakunificha: limeteleza muda mrefu, huenda vya ndani vimelika, naye hawezi kuniapia. Nikawaza mengi. Tukikwama tena na msafara ukatuacha, je? Nikamshauri mama angoje madaktari warudi mwakani.

Akasema, "Erupe, nimengoja vya kutosha. Washa gari."

Jumatano tukatoka na msafara. Njia nzima nilikuwa nasikiliza giaboksi tu. Hata mama alipoimba nilimwomba anyamaze, jambo ambalo sijawahi kumfanyia. Tukafika Lodwar injini ikichemka. Jana wakampasua jicho la kulia.

Leo asubuhi wamelifungua. Akanitazama muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa kwamba haoni. Kisha akasema, "Umekonda. Nani anakupikia?"

Nilitoka nje nikalia, kaka. Hata sasa sijatulia. Safari ya kurudi iko mbele, na nimeshaingia chini ya gari mara kadhaa kutazama kama linavuja.

Nisalimie shemeji Nangiro na watoto, na binamu yetu Ekidor ukimwona. Mke wangu Akidor anawasalimu, yeye na mtoto. Mungu wetu Akuj awafunike kwa kivuli chake na awape maji popote mlipo.

Nilimwambia mama nitakuomba utume picha yako. Amekataa picha. Anasema uje mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda siku zote,
Erupe