Kwa Mwalimu Elineema, Aliyetuachia Mashua na Jina la Shadrack

Umetimia mwaka mmoja, Baba, tangu Jumatano ile ya tarehe 9 Oktoba ulipoketi kitandani asubuhi, ukaomba miwani yako, na kabla haijafika mkononi ukawa umeondoka. Ulikuwa na miaka sitini na minane. Daktari aliandika shinikizo la damu. Tulikuzika Kitangari, kando ya mikorosho uliyoipanda mwaka uliostaafu.

Ulizaliwa Same, Upareni. Serikali ilikuleta Masasi mwaka 1983 kufundisha shule ya msingi huko Lisekese, nawe ukamwoa mama yetu, Bibiana, binti wa Kitangari, ukabaki. Chimakonde ulijifunza cha kutosha kununulia mihogo na kuchekwa na wauzaji. Alipozaliwa Claudia ukawa Baba Claudia, na jina hilo ulilibeba karibu miaka arobaini.

Ulitembea na kalamu nyekundu mfukoni. Tangazo lolote lililobandikwa ukutani, liwe la mnada wa korosho au la chanjo ya mbuzi, ulilisahihisha, kisha ukaweka alama chini yake. Mtendaji wa kijiji alipata tano kwa kumi mara nyingi, na siku uliyompa nane alikuja nyumbani kushukuru. Mama yeyote aliyepita na ndoo ya maji hukumwacha aitue peke yake. Mzee Shamte, jirani yako wa Lisekese, ulimfundisha kusoma akiwa na miaka hamsini na miwili, kwa siri, kwa sababu alikuwa na wajukuu darasa la tatu na hakutaka wajue.

Halafu kulikuwa na vitabu vyako. Uliviandika kwenye madaftari, vikachapwa na kubanwa pini kwenye duka la steshenari mjini Masasi. Vyenye jalada la kijani vilikuwa saba, vya kumsaidia msomaji wa kawaida kuielewa Biblia. Vyenye jalada la buluu vilikuwa vinne, na vilisimulia safari za familia moja kwenye mashua yao. Vya kijani vilitoka kwa sababu kikundi cha usomaji cha Lisekese kiliviomba. Vya buluu hakuna aliyeviomba. Ulianza tu kuviandika, mtu anayeishi Kitangari, juu ya uwanda ambako maji yanabebwa kichwani, na kila mwezi ulishuka Lisekese na kurasa mpya pamoja na somo la Biblia.

Aliyetakiwa kuandika kumbukumbu hii kwa niaba ya familia ni Claudia, mwanao wa kwanza, mwalimu wa hisabati Masasi. Alijipa wiki moja. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na tarehe zote, vituo vyote vya kazi na orodha ya wanaokukumbuka: mkeo Bibiana, na watoto wako Claudia, Dunstan na Evelina. Watoto watatu. Hakuona cha kuuliza hapo.

Alishuka Lisekese kwa bodaboda Jumamosi moja kutafuta picha yako nzuri, kwa maana za nyumbani zote umefumba macho. Alipokelewa na Dorothy, Mama Dastani (Dastani wake, si Dunstan wetu), ambaye ndiye katibu wa kikundi, na Mzee Shamte aliyekuwa amekaa barazani kwa mama huyo akibangua korosho. Mzee Shamte ni Mwislamu na katika masomo ya Biblia hakuingia, ila ya mashua hakukosa hata sura moja. Alikuwa akingoja nje mpaka somo liishe, kisha anaingia na kiti chake.

Claudia aliwaamkia, akapewa uji, akawasomea rasimu ili wasikie kama kuna tarehe iliyokosewa. Mama Dastani alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Umemsahau Shadrack," alisema.

Claudia aliuliza Shadrack yupi.

"Mdogo wako, au kaka yako, mimi nitajuaje? Mwalimu hakutaja umri wake. Shadrack aliyeachwa kisiwani na homa, mkaenda kumtafutia dawa."

Claudia alidhani anataniwa. Akaeleza taratibu, kama anavyoeleza wanafunzi, kwamba mashua ile haikuwahi kuwapo. Kwamba yeye mwenyewe hajui kuogelea. Kwamba safari ndefu kuliko zote ambayo familia ilisafiri pamoja ni ya Same, kwa basi, siku mbili, na Dunstan alitapika kuanzia Lindi. Wakati anasema hayo Mzee Shamte alikuwa amesimamisha kisu.

"Mama, unatuambia Mwalimu alisema uongo?" aliuliza.

"Nasema alibuni hadithi, Mzee."

"Yeye mwenyewe alitufundisha. Ukisoma jambo, uliza kwanza nani anasema, anamwambia nani, na alikuwepo au hakuwepo. Hivyo ndivyo alivyowasomesha hawa kitabu chao, nami nilikuwa nasikia dirishani. Tukafungua cha mashua. Nani anasema? 'Mimi.' Mimi nani? Mwalimu. Anasema alikuwepo na mkewe na watoto wanne. Wewe umo, unagawa maji kwa kikombe na kuandika. Si ndivyo ulivyo?"

Claudia alikubali kwamba ndivyo alivyo.

"Na Dunstan anaogopa maji. Na Evelina analala popote. Sasa hao watatu ni wa kweli, wa nne tu ndiye wa kubuni?"

Mama Dastani aliingia ndani, akatoka na daftari la maombi la kikundi. Kila mwezi wana ukurasa wa watu wanaoombewa. Kuanzia Machi 2013, mwezi uliowasomea mwisho wa kitabu cha nne, kuna mstari uleule: Shadrack, mtoto wa Mwalimu, apone na arudi. Claudia alifungua ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna mwezi uliorukwa. Miaka kumi na moja na nusu, hadi ulipoondoka, watu walikuwa wanafumba macho kwa ajili ya mtu ambaye yeye hamjui, na wewe ulikuwa umekaa nao.

"Yeye alisema nini mlipomwombea?" aliuliza.

"Alisema amina," alijibu Mama Dastani. "Angesema nini kingine?"

Hapo ndipo Claudia alipopotea, Baba, na sisi wengine tukapotea nyuma yake. Kama Shadrack hakuwahi kuwapo, wewe uliyesahihisha hata tangazo la mbuzi uliwaacha watu waliokuamini waombe bure, ukaitikia. Kama yupo, basi tuna ndugu, na tulikuzika bila kumwambia. Claudia aliyapindua haya mawili kichwani njia nzima hadi nyumbani, na hakuna lililokuwa jepesi kuliko jingine. Rasimu aliiweka pembeni, maana sasa hakujua amwandike nani.

Alifanya anachojua kufanya. Alivisoma vile vya buluu tena, vyote vinne, akiwa na ramani mezani. Mashua inakwenda kusini siku tatu, upepo ukiwa nyuma, hadi kisiwa chenye vilima viwili. Watoto wanachota maji ubavuni na kuyanywa, kwa hiyo ni ziwa. Lakini kwenye sura ya sita maji yanakupwa na mashua inakaa juu ya mchanga hadi jioni, kwa hiyo ni bahari. Alipima umbali, hesabu ikakataa. Hakuna maji ya namna hiyo popote. Alipumua kidogo: kumbe ni kubuni. Kisha akafika mahali Shadrack anapoanza homa, akakuta umeandika namna mtoto anavyokataa uji kwa kugeuza shingo upande wa kushoto kila mara kwa sababu sikio la kulia linamuuma. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuugua hivyo.

Akafungua bahasha ya kazi zako. Kwenye fomu ya taarifa za mtumishi ya mwaka 1999 umejaza kwa mkono wako: idadi ya watoto, 4. Majina hayakuhitajika. Claudia alitaka kuishia pale, ila akakumbuka kwamba mwaka ule Jafari, mtoto wa rafiki yako, alikuwa anaishi kwetu akisoma. Ukimhesabu Jafari tunakuwa wanne sawasawa. Usipomhesabu, yuko mwingine. Alimpigia Jafari, naye akasema hajui, ulimlisha na kumchapa kama wengine, fomu hakuonyeshwa.

Akampigia baba mdogo Mathias, Same. Baba mdogo alikohoa sana kwenye simu. Alisema kabla ya Masasi ulifundisha miaka miwili kanda ya ziwa, ukarudi nyumbani umekonda, ukaomba uhamisho wa mbali, popote pasipo maji. "Hivyo ndivyo alivyosema, popote pasipo maji. Tulicheka. Tulidhani ni mbu." Kuhusu mtoto hakusikia. Kuhusu mwanamke hakuuliza, kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa mkubwa.

Dunstan, anayefanya kazi kwenye ghala la korosho, alimwambia dada yake aache. Alisema mtu akiandika kitabu anaongeza watu kama mpishi anavyoongeza maji, na kwamba kama kila kilicho kitabuni ni ushahidi, basi na yeye adai fidia kwa kuandikwa mwoga mara kumi na nne. Claudia akamjibu kwamba ni mara kumi na saba. Evelina hakucheka. Alitaka kujua kitu kimoja tu: kama kaka huyo yupo, je, naye anajua kuwa sisi tupo?

Ilibaki Mama. Claudia alikuwa amemwacha wa mwisho kwa makusudi, na alipanda Kitangari akiwa na fomu, daftari la maombi aliloazimwa na vitabu vinne ndani ya mkoba. Alimkuta anachambua mbaazi. Alimwamkia, akaketi, akaeleza yote kwa mpangilio, yanayounga mkono upande mmoja, kisha upande wa pili, bila kuegemea. Mama hakunyanyua uso.

"Nilimkuta ana miaka ishirini na saba," alisema mwishowe. "Alikuja na begi moja na kitanda cha kukunja. Mtu wa miaka ishirini na saba ana mambo yake. Sikumuuliza, naye hakunieleza. Tulikaa vizuri."

Claudia aliuliza kama vya buluu aliwahi kuvisoma.

"Alinisomea. Kila sura, kabla ya kuipeleka Lisekese. Nikamuuliza hicho cha tano lini, huyo mtoto anateseka. Akasema hajui kinavyoendelea."

"Alisema hataki kuandika, au alisema hajui?"

"Alisema hajui. Na wewe usinihoji kama polisi, Claudia, mimi ni mama yako."

Claudia aliomba radhi. Walichambua mbaazi pamoja hadi zikaisha. Jumatano iliyofuata alirudi Lisekese, kwenye kikundi, akasimama mbele yao na kusema neno ambalo wanafunzi wake hawajamsikia akilisema: sijui. Aliwaambia mashua haikuwapo, hilo ana hakika. Kuhusu Shadrack hana hakika. Fomu inasema wanne na inaweza kuwa watatu na Jafari. Mzee Shamte alikuwa ameingia mapema siku hiyo, na kiti chake. Mama Dastani aliuliza jambo moja: je, waendelee kumwombea, au waache? Claudia alifungua mdomo ili aseme waache mpaka uthibitisho upatikane. Tunajua hivyo kwa sababu alituambia. Badala yake aliomba kalamu, akaandika mstari wa mwezi huo kwa mkono wake.

Lakini maombi ni yao, na kumbukumbu hii ni ya familia, itasomwa kanisani na kubandikwa ukutani. Kuandika kwenye orodha jina la mtu asiye na cheti, asiye na picha, asiye na tarehe, Claudia aliona ni kusema asilolijua. Kuliacha aliona ni hivyohivyo. Siku mbili kabla ya leo alimpigia Mama, akamwomba aamue yeye: aandike watatu, au aandike wanne na Shadrack mwishoni, baada ya Evelina, na maelezo mafupi.

Mama alimtaka ayarudie majina kwa mpangilio, akayarudia.

"Mwishoni kwa nini?" alisema. "Mweke wa kwanza."

Claudia hakuuliza zaidi. Alifuta, akaandika upya.

Unakumbukwa na mkeo Bibiana; watoto wako Shadrack, Claudia, Dunstan na Evelina; Jafari uliyemlea; mdogo wako Mathias na ukoo wote wa Same; wakwe zako wa Kitangari; Mama Dastani na kikundi cha Lisekese, pamoja na Mzee Shamte. Jina la kwanza kati ya watoto tumeliandika bila uthibitisho. Anayemfahamu aulize nyumba ya Mwalimu hapa Kitangari, ataonyeshwa.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, pamoja na hili usilotuambia.