Seva Iliyonguruma Bila Umeme

Kwihara, Tabora,
8 Desemba 2024.

Mpendwa mpwa wangu Sixbert,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo wewe, hajambo mama watoto Shukrani, na huyo mjukuu wangu Recheli ameshaanza kutambaa? Joto la huko Mtwara linawaachia mlale? Sisi tu wazima, ila mkono wangu wa kulia umevimba kama muhogo, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka. Soma taratibu.

Ile seva ya mtumba iliyotolewa kwenye ofisi moja mjini, unajua nilivyoifunga bila fundi. Wewe ulinielekeza kwa simu, sawa, lakini mikono ilikuwa yangu. Kwihara nzima walikuja kuitazama. Nikaingiza humo sauti zote za marehemu dada yangu, mama yako, nilizomrekodi kwa simu akiwa kitandani kule hospitali ya Kitete. Halafu simu yenyewe ikaibiwa stendi. Kwa hiyo sauti ya Recheli mkubwa ilibaki mahali pamoja tu duniani: stoo kwangu, kati ya mizinga na ndoo za asali.

Uliniambia, "Mjomba, weka nakala nyingine nje ya nyumba." Nikakujibu diski ni mbili, mapacha, kilichomo kwenye hii kimo kwenye ile.

Sasa sikia. Radi zilipoanza nilichomoa waya ukutani, nikajiandaa kwenda Usinge kutazama mizinga yangu. Nikaona vumbi litaingia kwenye sanduku la seva, nikaziba mianya yote kwa nta, nikisema nitaizibua nikirudi, maana najua seva ikiwaka inataka hewa. Kilibaki kitundu kimoja tu kwa nyuma, ambacho kibati chake kilipotea tangu huko ofisini.

Alhamisi nimerudi, nafungua stoo, seva inanguruma. Nikasema mke wangu Advera kaiwasha. Nikatazama chini: waya umelala sakafuni, haujachomekwa popote. Mpwa wangu, mimi ndiye niliyemfukuza simba wa Usinge kwa kandambili, habari hiyo unaijua, lakini siku hiyo nilirudi kinyumenyume hadi mlangoni kabla ya kuchungulia kile kitundu.

Nyuki! Sanduku lina giza, limepakwa nta, lina mlango mmoja mdogo. Ningekuwa nyuki hata mimi ningehamia. Nimetega mizinga hivyo hivyo tangu utoto, na sikuona kwamba natega.

Jirani yangu Ngollo, mrina asali mwenzangu, akaja na moshi wake tayari. "Kaa pembeni, mzee wa kompyuta, uone kazi." Nikamshika mkono. Masizi yangeingia kwenye mashine. Akasema basi tupulizie dawa. Nikamuuliza, dawa si maji hayo hayo, nayo yangeiua mashine? "Haya, waachie," akasema, "utarina asali ya umeme."

Mke wangu hakucheka. Alisimama mlangoni, khanga kichwani, akasema, "Baba Julieth, humo yumo wifi yangu. Taratibu."

Babu yetu mpagazi alibeba pembe ya ndovu kutoka hapa hadi pwani, hakuiangusha. Mimi niiangushe sauti ya dada yangu ndani ya stoo? Nikafungua skrubu kwa mikono mitupu, maana glavu za kurinia ni nene. Kifuniko kikatoka. Wamening'inia kati ya feni na diski, wameshaanza sega jeupe, changa. Na nyuki bila moshi hana adabu. Nikawachota kwa kiganja kama uji, nikimtafuta malkia, na kila nilipochomwa niliuma ulimi nisije nikatikisika. Nilipompata nikamfungia kwenye kasha la kiberiti, nikamweka katika mzinga mtupu nje. Jua lilipolegea wote walikuwa wamemfuata. Ngollo akauzima moshi wake mwenyewe.

Nikaibandua nta kwa kijiti, nikaacha sanduku wazi likauke. Leo baada ya ibada nikachomeka waya. Advera amenishika shati kwa nyuma. Feni zikavuma. Taa ya diski ya kwanza ikawaka njano. Njano, Sixbert! Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba hapo diski inakata roho. Tukaitazama ya pili. Ikapepesa. Ikapepesa tena. Ikazima. Advera akaanza kuomba kwa Kinyamwezi.

Ikarudi. Kijani.

Sikungoja kunywa hata maji. Nimenakili sauti zote kwenye flashi mbili. Moja imelala kwa mchungaji, nyingine ni hii anayokuletea Octavian, anayesafiri kuja huko, pamoja na barua. Nayo inakili upesi, usiwe kama mimi. Kisha mkalishe mtoto amsikie bibi yake.

Tulifungua sauti moja kujaribu. Kikaanza kile kikohozi chake, Advera akakaa chini sakafuni. Halafu dada akasema, "Sixbert mwanangu, usimsikilize mjomba wako. Yule wa Usinge alikuwa fisi, na aliyemfukuza ni mimi."

Ngollo alikuwa dirishani. Kijiji kizima kinajua sasa. Mimi nimeirudisha mwanzo, nikasikiliza tena, na tena. Sikumbishia.

Nisalimie Shukrani, na mzee Mfaume jirani yenu. Advera na Julieth wanawasalimu sana. Mungu aliyezuia taa ile isizime kabisa awashikilie na ninyi huko mliko.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda hata nikiitwa mwongo,

Anton