Breki Mpya za Bi Mdogo

Jumatatu, 3 Machi

Mimi nimezaliwa na bahati. Wengine wanaihangaikia, mimi inanifuata kama paka aliyenusa samaki. Miaka kumi na tisa melini, dhoruba tatu za kuandikiana wosia, na nimerudi na vidole vyote kumi. Halafu Agosti ile, mteremko wa zahanati: nakanyaga breki, pedali inazama mpaka sakafuni, gari linashuka, ukuta unakuja – nikavuta hendibreki, Bi Mdogo akageuka ubavu, akasimama. Kati ya mlango na ukuta, upana wa kiganja. Kwa kinyozi hawachoki kuisikia hadithi hii. Leo nimeongeza mbuzi aliyekuwa anavuka barabara. Hakukuwa na mbuzi, lakini amependeza.

Bi Mdogo ni gari langu. La spoti, jekundu, viti viwili, miaka thelathini na nne. Jina alilitoa mke wangu siku nilipoliingiza uani. Alisema, haya, mke mwenzangu amefika, mwambie jikoni ni kwangu. Tulicheka sana siku ile. Tangu Agosti hajakanyaga ndani yake. Miezi saba.

Leo binti yetu kapiga simu. Kajifungua salama, mtoto wa kike. Mimi babu! Tutakwenda kumwona Jumamosi ya tarehe 15, mji wa pili, na njia ni ile ile ya mteremko. Nikamwambia mke wangu: viti viwili, watu wawili, twende na Bi Mdogo. Akasema yeye atapanda basi. Hakukasirika, wala hakuinua macho kwenye cherehani. Angekasirika ningejua pa kushika.

Basi nabadilisha breki. Akiziona mpya, atapanda.

Jumanne, 4 Machi

Kwa Profesa, fundi wa gari mtaa wa nyuma. Cheo kapewa na miwani yake. Alilala chini ya Bi Mdogo, akatoka anatikisa kichwa kama daktari.

"Kapteni, diski zako nyembamba kama visahani. Zikishika moto hazina pa kupumulia. Siku ile maji ya breki yalichemka. Ulikuwa unakanyaga povu."

Dawa yake: diski nene zenye matundu katikati ya kupitisha upepo, kalipa za pistoni nne za kuzibana, mipira mipya ya kupitishia maji. Akasema gari kubwa la kampuni hiyo hiyo lina vinavyoingia. Nikasema nitafunga mwenyewe. Akasema wewe melini ulikuwa unaosha masufuria. Nikasema masufuria ya meli ni makubwa kuliko injini yako. Akacheka, akanionya nisiguse breki za nyuma. Yeye anasafiri kesho mpaka tarehe 17, nikikwama nisimtafute.

Sitakwama.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Kwa muuza vipuri vya magari yaliyokufa. Diski bado hazijaliwa. Kalipa mbili nzito, ukizishika unajua umeshika kitu. Akaniambia, mzee, ya kulia na ya kushoto zinafanana kama mapacha, usizichanganye. Kunionya mimi! Nikamwomba rangi nyeupe, nikaandika kila moja herufi yake ya kwanza, kubwa, safi. Nimesoma mpaka la sita tu, lakini la sita la zamani.

Mke wangu anashona vigauni vya mjukuu. Vidogo, vinatosha mkono wangu kama glovu. Nimemwonyesha diski. Akasema nzuri. Akauliza basi la asubuhi linaondoka saa ngapi.

Jumamosi, 8 Machi

Sikufanya kitu. Nilikuwa nimeshainua gari, muuza mikate akapata pancha mbele ya geti langu na hana jeki. Ningefanyaje? Nikashusha langu, nikampa jeki. Kairudisha saa kumi na mbili jioni, na mikate minne. Mke wangu akasema wewe ukiombwa kichwa utauliza na kofia je.

Jumapili, 9 Machi

Kazi. Nati za zamani zimeota kutu, moja nimeibembeleza saa nzima kwa mafuta na matusi ya lugha tano. Diski za zamani zimepasuka vinyufa vidogo kama kisigino kikavu. Nimeziangalia sana zile nyufa. Sikupenda.

Kufikia alasiri: diski mpya ndani, kalipa ndani, pedi mpya, mipira mipya. Herufi zangu zilinisaidia, sikubabaika hata kidogo. Rimu imeingia, ikaipita kalipa kwa unene wa kipande cha sabuni kilichokwisha. Imepita lakini.

Jumatatu, 10 Machi

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko kwenye gurudumu anafungua kinati kwenye kalipa, maji yanatoka na mapovu, anafunga. Nikamwomba mke wangu. Aliweka mkasi chini, akaja. Akakaa kiti cha dereva kiupandeupande, mlango wazi, mguu mmoja nje.

"Nakanyaga tu," akasema. "Sijapanda."

"Kanyaga. Shika. Achia."

"Kanyaga, shika, achia. Utafikiri nacheza ngoma."

Tulikwenda vizuri. Zamani tulikuwa tunakunja mashuka hivi, bila kuambiana. Lakini mwisho wake pedali laini. Laini kama unga uliochachuka.

Jumanne, 11 Machi

Tena. Chupa nzima ya maji ya breki. Laini.

Jumatano, 12 Machi

Laini. Mguu wa mke wangu umechoka, hakusema, nimeuona. Kwa kinyozi wameniuliza, Kapteni, bahati imekwenda likizo? Nikawajibu imekwenda kusalimia wake zenu. Wamecheka. Nimerudi nyumbani nimekaa uani nikiliangalia gurudumu kama linanidai kitu.

Siachi. Zimebaki siku mbili, nikilala chini ya gari nitalala.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika hii mara moja, halafu sitaisimulia popote.

Mke wangu kaniletea chai mimi niko chini. Akachutama upande wa pili, akasoma rangi yangu nyeupe.

"Hii K ni nini?"

"Kulia."

Akazunguka upande wangu.

"Na hii K?"

Nikaweka spana chini.

"Kushoto," nikasema.

Alikaa chini pale pale kwenye vumbi na kanga yake safi, akacheka mpaka akafuta machozi. Miezi saba sijamsikia akicheka hivyo. Akasema, baba wee, mimi mikono ya gauni naandika SH na L, na sijawahi kupanda meli.

Nimezifunga kinyume. Ya kulia iko kushoto, ya kushoto iko kulia. Ndiyo maana kinati cha kutolea upepo kimeangalia chini badala ya juu. Upepo unakaa juu umestarehe, sisi tunafungulia mlango chini. Ningetoa upepo mpaka mjukuu aolewe.

Nimefungua zote. Nimebadilisha. Mke wangu kafuta herufi zangu kwa kitambaa chenye petroli, akaandika zake kwa chaki ya kushonea.

Ijumaa, 14 Machi

Kanyaga, shika, achia. Mara ya kumi na mbili mke wangu akasema, imegoma, haishuki. Nikaingia, nikakanyaga mwenyewe. Jiwe!

Nimezunguka mtaa polepole, nikizizoesha pedi. Kisha mteremko wa zahanati, peke yangu. Mara tatu. Nakanyaga, anasimama. Nakanyaga kwa kidole gumba cha mguu, anasimama. Mara ya tatu mlinzi wa zahanati katoka kuuliza kama nina mgonjwa.

Nimerudi naimba. Nikamwambia mke wangu: breki tayari, kesho tunapanda wote. Akaacha cherehani.

"Breki umebadilisha. Ile hadithi je?"

"Hadithi gani?"

"Mimi breki sikuziogopa sana. Breki ni chuma, kinaharibika, kinatengenezwa. Nimekaa hapa miezi saba, kila mteja nikimpima kiuno ananisimulia mume wangu alivyoniokoa. Natia pini mdomoni ili nisijibu."

Nikasema watu wanapenda kutia chumvi. Akasema chumvi ni yako, wao wanakula tu. Kisha akarudi kwenye kigauni cha mwisho. Tiketi ya basi iko ndani ya kisanduku cha vifungo, nimeiona.

Jumamosi, 15 Machi

Saa mbili kasorobo asubuhi. Basi linaondoka saa mbili na nusu. Naandika nikiwa kwenye usukani, daftari limelala juu ya paja. Injini inaunguruma vizuri. Mlango wa upande wake nimeuacha wazi.

Amesimama nje na mfuko wa vigauni, viatu vya safari miguuni, tiketi mkononi. Haendi stendi, haingii. Nimeuliza nifanye nini zaidi, maana breki ni mpya, azikanyage mwenyewe aone. Akasema, mjukuu akikua atakuuliza habari za mteremko. Utamwambia nini?

Nikasema nipe dakika, niandike kwanza, mdomo wangu haujazoea.

Akasema andika. Na usiweke mbuzi.

Sawa. Hakukuwa na mbuzi. Hakukuwa na bahati. Pedali ilipozama niliachia usukani nikafumba macho kama mtoto anayechomwa sindano. Hendibreki aliivuta mke wangu.